Mtoto wa Kitabu cha Tatu

Duka la Mama Mazimwi lilikuwa la ushonaji kwa maandishi ya mlangoni tu. Ukiingia ndani ulikuta watu wengi kuliko nguo: huyu kaja kupunguza kiuno cha suruali, yule kaja kujua aliyepungua kiuno ni nani na kimempata nini, na wa tatu hana hata uzi wa kutunga sindano, kaja kukaa. Mdogo wake mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikaa pembeni akishona vifungo na kurusha habari. Nyuma ya pazia la kujaribia nguo palikuwa na kioo, na kando ya kioo rafu iliyojaa vitabu vya mazimwi, wachawi wa kifalme na mapanga yenye kusema. Ndivyo vilivyompa mwenye duka jina lake.

Kumchagulia mtu kitabu, kwake, kulikuwa sawa na kumpima gauni. Alikutazama juu mpaka chini, tepu ikining'inia shingoni, akakuuliza kama wewe ni wa kucheka au wa kulia, kama vita utaviweza au vitakuchosha, kama una subira ya majina marefu. Kisha aliingia nyuma ya pazia, akatoka na kitabu cha kwanza cha mfululizo aliouona wa saizi yako, akakuonya kirudi bila alama ya chai. Alijigamba hajawahi kumkatia mtu kitabu kikambana kwapani.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda chenye kioo mbele, alikaa Fundi Saa, msomaji mwenzake wa siku nyingi. Vitabu vyao walivitoa kwa muuza mitumba wa karibu na stendi, aliyekuwa akimwaga magunia chini na kumwachia mtu achague kilichokuja. Mfululizo wa vitabu vitano haukuja hata siku moja ukiwa umeshikana mikono. Leo unapata cha pili, mwakani cha tano, cha kwanza unakikuta nyumbani kwa mtu kimewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwa hiyo wawili hao walizoea kusoma kwa kurukaruka, kama mtu anayekuta harusi katikati: anaangalia nani analia na nani anacheka, mengine anajijazia. Na hawakuona haya kusema wamesoma mfululizo mzima hata kama kiungo kimoja hakikupita mikononi mwao.

Mwaka ule, mvua zilipoanza, homa ilimchukua binti wa Fundi Saa. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akivuka barabara kila akitoka shule kuomba vipande vya vitambaa. Jumatatu alikuwa anaruka kamba, na wiki haikwisha. Baada ya mazishi mama yake alifunga mfuko mmoja wa nguo akaenda kwa mama yake mzazi, wala hakusema anarudi lini. Baba alifungua kibanda, akakaa. Alikaa tu. Saa za watu zililala mezani zimefunguliwa matumbo. Waliokwenda kumpa pole aliwatikisia kichwa, wakarudi kwa Mama Mazimwi kueleza jinsi alivyowatikisia. Redio alisema mtu yule atamfuata mwanawe, akaambiwa na dada yake afunge mdomo ashone.

Lakini maneno hayo yalimkaa dada mtu kooni. Kwa siku kadhaa alimpima Fundi Saa kwa mbali, akipiga pindo na kutazama ng'ambo. Mtu wa namna ile huwezi kumuuliza kama anataka kulia. Vita hapana. Mapenzi hapana. Mwisho aliamua: Mnara wa Mvua. Ni vitabu vitano. Nchi imekauka kwa sababu wachawi wameifungia mvua ndani ya mnara, na mchimba visima mmoja mwenye hasira za karibu anafunga safari kwenda kuifungua, yeye na mbuzi wake anayesema, mbuzi mbishi kuliko wakwe. Njiani anafuatana na kitoto cha kike cha mitaani, mwizi wa mikate, ambacho kina uwezo wa kusikia maji yanayopita chini ya ardhi. Mama Mazimwi aliukumbuka mfululizo ule kwa kicheko, na kwa ile mvua ya mwisho inayonyesha kurasa na kurasa mpaka wewe msomaji unajipangusa uso.

Alivuka barabara na kitabu cha kwanza kwapani, akakiweka juu ya saa. Akamwambia kuna mbuzi humo ndani, asome tu, akiona ni upuuzi basi atakuwa ameuona.

Fundi Saa alikigeuza, akatazama mgongo wake. "Umeisoma yote, dada?" Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa nyumba isiyokaliwa.

"Yote," akajibu.

Kweli alikuwa amesoma cha kwanza, cha pili, cha nne na cha tano. Cha tatu hakikuwahi kumwagika katika gunia lolote. Cha nne kinaanza baada ya miaka mingi kupita, mchimba visima ana mvi, mbuzi amekuwa kiziwi, na yule mtoto hatajwi. Mama Mazimwi alishajijazia kitambo kwamba binti amekua, kaolewa, ana mji wake huko nyuma. Hata alishamchagulia mume, mwokaji mikate, ili asiibe tena.

Kitabu kilifanya kazi. Haikuwa mara moja. Mwanzoni Redio alitangaza kwamba kiko palepale, kimekuwa kitanda cha nzi. Halafu siku moja Fundi Saa alivuka barabara mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi, akasimama mlangoni mwa duka, akasema yule mbuzi hana adabu. Akageuka akarudi. Duka lilishangilia kama timu imefunga bao.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuja. Alikuja kubishana kama mchimba visima alifanya vizuri kumdanganya mlinzi wa daraja. Aliomba cha pili. Saa zikaanza kurudi kwa wenyewe zikiwa zinatembea. Na habari iliyompita hata Redio aliileta mwenyewe: mkewe amerudi. Alikwenda kumwona kwa mama yake, wakakaa hawana la kusema, akatoa kitabu mfukoni akasoma kwa sauti ili tu chumba kisiwe kimya vile. Mara ya pili alipokwenda, mkewe akauliza yule mtoto amefika wapi. Sasa yuko nyumbani, na kila jioni akiwa jikoni anamwambia mumewe asome kwa nguvu, sufuria zinapiga kelele. Jina la binti yao halijatajwa bado ndani ya nyumba ile, lakini la mtoto wa kitabuni linatajwa kutwa.

"Tumebakiza kurasa chache cha pili kiishe," alisema. "Tafuta cha tatu, dada. Mama anasema usimcheleweshe."

Mama Mazimwi alikwenda stendi asubuhi yake. Muuza mitumba hakuwa nacho, ila alijua mwenzake aliyekuwa nacho, na baada ya kuzungushwa na kubembeleza, cha tatu kilipatikana, jalada limechanika, ndani kizima. Alifurahi kama aliyepata ndugu aliyepotea. Akasema atakionja kidogo kabla ya kukipeleka, maana na yeye alikuwa na kiu yake ya miaka. Akakisoma pale mashineni, kitenge cha mteja kikimsubiri chini ya sindano.

Katikati ya kitabu mtoto anapata homa. Wako kando ya mto uliokauka, na mtoto anasema anasikia maji yanakuja. Mchimba visima anachimba usiku kucha amtafutie, anachimba kwa mikono, na maji yanatoka alfajiri mtoto akiwa ameshakata roho.

Redio alimkuta dada yake ameshika tama, mguu juu ya pedali, mashine haiendi. Akaambiwa. Alishauri jambo jepesi: sema hakipatikani, wape cha nne. Nani atajua?

Ndivyo alivyofanya. Alimwambia Fundi Saa kwamba cha tatu kimeadimika, isitoshe hakina kitu, vita vitupu, waruke. Yule mzee wa kusoma kwa kurukaruka, aliyesoma nusu ya maisha yake bila viungo vya kati, alikataa. Akasema angekuwa peke yake angeruka, lakini mama hajazoea, mama anataka ajue mtoto amelala wapi kila siku. Kisha akapata wazo, uso ukamng'aa.

"Si wewe umeisoma yote? Njoo nyumbani utusimulie. Hicho kimoja tu, kisha tunaendelea na cha nne."

Angesema palepale kwamba siku ile alipodai ameisoma yote, cha tatu alikuwa hajakisoma. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulisema kulikuwa ni kusema pia kwamba sasa amekisoma na amekuta nini ndani, na mtu aliyesimama mbele yake alikuwa ananyoosha kola ya shati, kitu ambacho hakukifanya tangu msiba. Akasema atakuja Jumapili.

Jumapili alasiri alikwenda. Kitabu alikitia ndani ya mkoba wake, chini kabisa, bila kujua anakipeleka cha nini. Nyumba ilikuwa chumba na sebule. Viatu vya shule vilikuwa bado nyuma ya mlango, vimepigwa rangi. Mama alimkaribisha kwa chai, akaketi kwenye mkeka, miguu kanyoosha, na mumewe kwenye kigoda. Walikuwa wamekaa kama watoto wanaongoja hadithi, na hilo ndilo lililommaliza.

Akaanza. Alikuwa na mdomo, hilo hakuna aliyebisha, na alijua kukata na kushona. Aliwapitisha jangwani, akamsemesha mbuzi mpaka Fundi Saa akacheka akakohoa. Alipofika kwenye mto uliokauka akauvuka haraka, kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa. Akasema mtoto alisikia maji, wakachimba, wakanywa. Akamfikisha mtoto mjini, akamkuza, akamleta yule mwokaji mikate. Akaanza kueleza gauni la harusi, mikono yake, kola yake, na hapo alikuwa kwenye kazi yake, akasahau hata kuogopa.

Mama wa mtoto alikuwa ameacha kunywa chai.

"Wifi," alisema polepole. "Kule mtoni kulikuwa na nini?"

"Maji, wifi yangu. Walichimba."

"Huko kote umesimulia hata kikombe walichonywea. Mtoni umepita unakimbia." Alimtazama bila hasira. "Mtoto kafa, si ndiyo?"

Mama Mazimwi alitazama mkoba wake. Fundi Saa aliinuka, kigoda kikaanguka, akatoka nje akakaa kizingitini, mgongo kwao. Mabega yake yakarudi vilevile yalivyokuwa kibandani, na Mama Mazimwi alijua ameyarudisha yeye.

"Nisamehe, wifi. Sikuwa nimekisoma. Nilisema nimesoma yote, sikuwa nimekisoma."

"Unacho?"

"Ninacho."

"Basi nisomee. Vile kilivyoandikwa. Usinikatie."

Akakitoa. Alisoma kuanzia homa ilipoanza. Alisoma vibaya, sauti inapotea, anarudia mistari. Mama hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza majibu ya vipimo, na mahali fulani, mtoto wa kitabuni alipoomba asifunikwe kwa sababu anaungua, alisema kwa sauti ya kawaida jina la binti yake. Alilisema mara moja, kisha akasema na yeye alikuwa akitupa shuka, tena akitupa kwa miguu. Kule kizingitini mgongo ulitikisika, haukugeuka.

Sura ikaisha. Mama akauliza baba yake, maana ndivyo alivyomwita mchimba visima, alifanya nini baadaye.

"Anamzika. Halafu... wanaendelea na safari."

"Lini?"

Mama Mazimwi alifunua ukurasa, ingawa alijua. "Kesho yake asubuhi."

"Kesho yake," mama alirudia. "Huyo aliyeandika hajawahi kuzika."

"Cha nne usilete, dada." Alikuwa ni Fundi Saa, bado anatazama barabara. "Wala cha tano. Hiyo mvua yao wakaifungue wenyewe."

Mkewe alimtazama yule mtu mlangoni kwa muda. "Hatuendi nao," akasema, na sauti ilikuwa ya kumwambia yeye peke yake, kana kwamba mgeni hakuwepo. Akaikunja miguu, akainuka, akaenda kukaa kizingitini upande wa pili, wakaacha nafasi katikati kama ya mtu mwingine.

Mama Mazimwi alikunywa chai iliyopoa kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono. Alipotaka kuondoka alishika kitabu akirudishe mkobani, na mama, bila kugeuka, akamwambia akiache. Mama Mazimwi akamuuliza kwa upole akiache cha nini, kitawaumiza.

"Kiache," alisema. "Mtoto amelala humo."

Ikabidi apite katikati yao kutoka, akiinua gauni lisiwaguse. Barabarani Redio alikuwa anamsubiri kwa hamu ya habari, kasimama hatulii. Mama Mazimwi alimpita. Siku iliyofuata kibanda cha ng'ambo hakikufunguliwa, na iliyofuata pia. Kilipofunguliwa mwisho, Fundi Saa alikaa, akazitazama saa. Watu walipomwuliza Mama Mazimwi awachagulie kitabu aliwaonyesha pazia kwa kidole, waingie wajichagulie, na aliendelea kushona.