Brashi ya Mlangoni

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona: ulijifanya unafunga kamba za viatu. Basi leo utasikia.

Kanisani kwetu amani ilikuwa nyingi, na wazee wa kanisa wakaogopa itaisha. Wakaziba nyufa za madirisha kwa sponji. Mlangoni wakamweka mhudumu mwenye brashi ya nguo: ibada ikiisha, kila anayetoka anafutwa mabegani, mgongoni, mpaka visiginoni, amani ibaki ndani kwa ajili ya wiki ijayo. Mtu akifika nyumbani anagombana na mkewe kama kawaida. Wewe ulinyoosha hata mikono, ufutwe vizuri.

Jumapili moja akaingia dada mmoja, fundi cherehani. Yeye na kaka yake, fundi wa kuchomelea, waliachiwa nyumba moja na mama yao, wakanuniana tangu mazishi. Kati ya vyumba vyao kulikuwa na mlango, na kaka alikuwa ameapa kwamba siku hiyohiyo atauziba kwa bati la chuma.

Mhubiri akasema Mungu hakungoja tumwombe radhi. Alitufuata tungali maadui zake, akatupatanisha naye kwa msalaba wa Mwanawe. Fundi akashika kifua.

"Mbona hapa pamelegea?" akamnong'oneza jirani yake.

"Ndiyo amani hiyo, dada. Ifaidi upesi, mlangoni wanaifuta."

Akainuka palepale. Mhudumu akamkingia brashi.

"Geuka nikufute."

"Usiniguse. Hii naipeleka kwa kaka."

"Kaka yako ni mshirika wa hapa?"

"Kaka yangu ana mashine ya kuchomelea, na ameshaiwasha."

"Ukiitoa itatupungukia, dada."

"Na yule aliyeileta kwetu, alipotoka mbinguni nani alimfuta?"

Mhudumu akafikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, brashi ikamponyoka. Fundi akapita.

Nyumbani akakuta bati limebakiza pembe moja wazi. Akapenyeza kichwa katikati ya cheche.

"Toa kichwa, nitakichomelea humo humo," kaka akasema.

"Chomelea. Nitakuwa nakuamkia kila asubuhi, nusu huku nusu kule."

"Umekuja kudai nini?"

"Sidai kitu. Mungu alinifuata nikiwa nimemnunia. Nami nimekufuata. Nisamehe, kaka."

Kaka akazima mashine, akavua kinyago.

"Shingo inauma?"

"Sana."

"Tulia basi, nikate bati lote."

Wakarudi kanisani wawili, dada akiwa na masizi usoni. Walipoingia, sponji zikatoka madirishani moja moja kama vizibo vya chupa, na amani haikupungua hata chembe. Watu wakamwagika barabarani, kila mmoja akienda kwa aliyemnunia.

Isipokuwa wewe. Wewe uligeuza uso, ukainama kwenye kamba za viatu, ukaokota brashi. Mpini wake unauona mwenyewe, umechomoza mfukoni mwako. Itupe. Unajua ni mlango gani unaokungoja, na nani yuko nyuma yake anachomelea. Kamba za viatu ulishafunga. Nenda.