Ua wa Kijani Mpakani mwa Amana

Katika nchi ya Mandhari, uzuri wa macho ulikuwa sultani, na sheria zote zilikuwa vijakazi wake. Nyumba ikivuja, mwenyewe alionewa huruma. Ikichujuka rangi, alishtakiwa. Mashauri ya ujenzi yaliamuliwa na Baraza la Sura, ambalo kwa desturi halikushuka kamwe kutoka roshani yake ya juu: wajumbe walitazama kwa mbali, na kile kisichochusha kutoka pale kilihesabiwa kuwa halali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Lakini nani angethubutu kuwaambia?

Pembezoni mwa nchi hiyo palikuwa na msitu wa hifadhi ulioitwa Amana, na mpakani mwake alilima Bwana Hadhari, mtu mwema ila mwoga wa hasara. Nguruwe mwitu walimmalizia mihogo miaka miwili mfululizo, hata watoto wake wakalala na njaa. Mwaka wa tatu alijenga ua wa mbao na seng'enge, mrefu kuliko mtu, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Bi Insafu, mlinzi wa Amana, akamshtaki, kwa kuwa ua ule uliwafungia wanyama njia ya kwenda kwenye chemchemi yao ya pekee, iliyokuwa ndani ya shamba lile.

Mheshimiwa Dhahiri, mkuu wa baraza, alikodoa macho kutoka roshani. "Ua huu unachusha," alisema. "Upakwe rangi ya kijani ufanane na msitu, kisha uwe halali."

"Mheshimiwa, kiu haipozwi kwa rangi," alijibu Bi Insafu.

"Wanyama hawakuleta malalamiko, Bi Insafu. Asiyekuwapo na lake halipo."

Hadhari alirudi kwake akichekelea, akaupaka ua rangi kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili.

Kiangazi kilipokaza, asubuhi moja alimkuta paa jike amekufa, shingo imenasa katika seng'enge, na mtoto wake akijaribu kuinyonya maiti. Maji yalikuwa hatua ishirini mbele yao. Loo, Hadhari alilia! Alilia kwa aibu na kwa uchungu, akang'oa nguzo ya kwanza kabla hajanywa uji, na kufikia jioni ua wote ulikuwa chini.

Kumbe kujenga bila ruhusa kulikuwa na msamaha, kubomoa kilichokwisha kupambwa hakukuwa nao! Akaitwa barazani.

"Ulishinda shauri, Bwana Hadhari," alisema Dhahiri kwa mshangao. "Nani tena amekuudhi?"

"Nimejiudhi mwenyewe, Mheshimiwa. Nilikuja hapa kuiombea mihogo yangu, sikumwombea mwingine. Tafadhalini, shukeni mkaone."

"Baraza halishuki. Uusimamishe tena ua huo katika siku saba, ama shamba litataifishwa."

Hadhari alimfikiria mkewe, akawafikiria watoto. Hakuwa shujaa, na shamba lile ndilo urithi wake wote. "Basi lichukueni," alisema.

Katika siku hizo saba Bi Insafu alikuja na jembe lake, wakachimba pamoja handaki la kuzunguka mihogo tu, ili nguruwe wazuiwe bila njia kufungwa, ingawa Hadhari hakujua nani angeivuna.

Lakini sheria ya Mandhari haikuruhusu shamba kutaifishwa mpaka mkuu wa baraza alizunguke kwa miguu yake. Siku ya nane Dhahiri akashuka, viatu vyeupe, joho jeupe, akinung'unika kila hatua. Alipofika chemchemini alisimama. Wanyama wa msitu, pofu, tohe na paa, walikuwa wakinywa bega kwa bega, na yule mtoto wa paa alikuwa kati yao, mbavu zikihesabika. Dhahiri aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja hati ya kutaifisha bila kuipiga muhuri.

"Bwana Hadhari," aliuliza kwa sauti ya chini, "hawa wote walikuwapo tangu siku ile tulipohukumu?"

"Walikuwapo, Mheshimiwa. Walikuwa nyuma ya rangi."