Shimo la Mtambo wa Atomu

Mwaka 1977 Ndugu Telesphory, mtaalamu, alitujia Kisarawe kwa Landrova kutoka Kibaha, suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Mkutanoni akatangaza kwamba chini ya kijiji chetu kutajengwa mtambo wa umeme wa atomu. Chini kabisa, ili adui akija na ndege asiuone. Anatuambia sisi, tuliokuwa tunaazimana utambi wa kibatari.

"Na sisi wa huku juu?" akauliza dada yangu Siwema.

"Mtahamishwa, mama."

Siwema alishahamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na nyumba aliyoikandika upya kwa mikono yake haijamaliza hata masika mawili. Akanitazama mimi.

"Kwanza tuchimbe shimo la majaribio," mtaalamu akaendelea. "Likiwa kavu mpaka futi arobaini, nyumba zinabomolewa. Nipeni wachimbaji hodari."

Wanakijiji, kwa heshima zote, wakatusukuma mbele mimi na Mwinjuma. Wachimba visima. Msomi mzima hakuuliza ufundi wetu tumeupatia wapi.

Akapigilia vigingi, uwanja mpana kama wa mpira, akasema tuchimbe popote humo. Mchimba kisima ukimwambia popote, miguu yake inajua pa kwenda. Mwinjuma akasimama penye mkuyu, mti usioota mbali na maji.

Nisiseme uongo, nilimwambia. "Mkuu, hapa pana mkuyu."

"Mti ni mti, ndugu. Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, mkuu."

Akarudi kivulini kwenye redio yake. Mwinjuma akatema mate viganjani, akashika sururu.

Siku ya tano udongo ukaanza kunata. Siku ya saba maji yakatufika kiunoni, tukatoka. Mtaalamu akaja, akainama ukingoni, miwani ikamponyoka, ikazama.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Chini, mkuu," akasema Mwinjuma. "Huko huko kwenye mtambo."

Akafungua faili, akaandika huku amebana macho kwamba eneo halifai. Siwema alikuwa ameshafika na ndoo na kamba, na nyuma yake foleni ya wanawake.

"Kwa hiyo sihami?"

"Huhami, mama."

"Basi sogea, mwanangu. Viatu vyako vinamwaga udongo kwenye maji."