Umande wa Karuba

Mwaka 2007, maharage ya kijiji cha Karuba yalikuwa yakiozea shambani. Maganda yalitoka madoa meusi yaliyodidimia katikati, na mbegu ndani zikachafuka. Drocella, mjane mwenye watoto wanne, alidhani ni mvua tu, mpaka agronome Hilaire, mtaalamu wa kilimo, alipopanda kutoka Mushaki kwa miguu, akachuma ganda moja na kumwonyesha.

"Mama, hii iko kuvu. Inalala mu mbegu. Kisha majani ikiloa, munaibeba na mikono na nguo, mumea kwa mumea. Musiingie mu shamba na umande."

"Papa Hilaire, tunaingia na umande sababu ya woga. Jua ikipanda, wenye bunduki wanashuka kutafuta watu wa kubeba mizigo."

Hilaire akamwachia lile ganda, akashuka kurudi Mushaki.

Msimu uliofuata Drocella alichagua mbegu moja moja, akatupa kila yenye doa. Shamba akaligawa kwa kamba: upande wa juu aliupalilia alfajiri kama wenzake, wa chini alingoja majani yakauke, hata saa nne.

Wiki ya tatu wenye bunduki walimkuta huko chini, peke yake. Walimtwika gunia la unga, akalibeba siku mbili kuvuka vilima. Aliporudi, miguu ilikuwa imevimba, na dada yake Byukusenge akamkanda kwa maji ya moto huku akifoka.

"Acha hii mambo! Ukikufa, maharage njo itakulelea batoto?"

Drocella alijifunika blanketi. Alilala siku tatu. Siku ya nne, saa nne, alichukua jembe, akashuka upande ule ule.

Maganda yalipokomaa, Hilaire alikuja kuhesabu, mia moja kila upande. Juu, sitini na mawili yalikuwa na madoa. Chini, tisa. Akarudia kuhesabu, wanawake wa kijiji wakimtazama mikono.

Byukusenge ndiye aliyesema kwanza. "Basi twende wote saa ine. Mumoja asimame ku kilima na firimbi."

Msimu uliofuata wakafanya hivyo. Msimu huo firimbi ililia mara tatu. Mara mbili walikuwa watu wenye bunduki kweli, na wanawake wakajificha migombani mpaka wale wakapita. Mara ya tatu walikuwa ng'ombe wa jirani yao Habineza. Drocella alikimbia kama wengine, akaanguka kwenye mfereji, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha wakarudi kupalilia, majani yakiwa makavu.