Nyumba Iliyoipisha Barabara

Jumamosi saa tatu asubuhi Zuleha alikuwa akiwatembeza wageni sita kuona nyumba kongwe za Kasulu mjini, zile za enzi ya Mwingereza: baraza pana, nguzo za mninga, madirisha yenye matao. Zuleha alikuwa na mdomo, mashallah. Hata ufa ukutani aliutajia ukoo wake. Wageni walicheka njia nzima.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Aliijenga babu yake, Mzee Dadi, muuza vitambaa. Zuleha alizaliwa humo na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Ukutani palikuwa na X nyekundu, na kando yake alisimama Felisiani, mpimaji wa barabara, na futi yake mkononi.

"Mama, nyumba hii imeingia barabarani mita tatu," alisema Felisiani. "Itabomolewa."

Nyumba ikasikia. Ilikuwa nyumba yenye adabu zake. Ikakohoa vumbi kidogo, ikakusanya baraza lake kama mtu akusanyavyo kanga, ikarudi nyuma mita tatu. Maharage jikoni hayakumwagika.

"Imetupisha," alisema Niyomwungere, fundi mwashi mstaafu wa Titye, mmoja wa wageni. "Za siku hizi hazina heshima hiyo."

Pale ngazi ya mbele ilipokuwa pakabaki udongo mbichi, na kwenye udongo jiwe la mpaka, namba zikisomeka vizuri. Niyomwungere akalifuta kwa kiganja. Kiwanja cha Mzee Dadi kiliishia hapo. Kumbe nyumba haikuwahi kuingia barabarani. Barabara ndiyo iliyokuja mpaka ngazini.

Felisiani akapima mara mbili, maana alikuwa mtu mkweli. "Ni sawa. Nyumba ilikuwa kwenye haki yake."

"Alhamdulillahi!" Zuleha alitaka kupiga vigelegele.

"Nimesema ilikuwa, mama. Sasa imekanyaga kiwanja cha jirani wa nyuma, tena imehama bila kibali."

"Basi irudi!"

"Kurudi nako kunataka kibali. Kinatoka baada ya mwezi." Akaandika chini ya X: ibomolewe, siku kumi na nne.

Moyo ulimuuma Zuleha, na hasira zote zikaangukia ukuta. "Nani alikutuma, we?" akaifokea nyumba, machozi yakimlenga.

Nyumba, kwa kuona imemuudhi, ikaomba radhi kwa mlio wa bati, ikarudi nyuma mita nyingine moja.