Mbeba Shoka Amekwama Lomé

Mimi si mtu wa kuamini ovyo, na sioni haya kusema. Miaka ishirini na miwili nauza tiketi za ndege hapa Migori mjini, kati ya duka la viatu na kinyozi, na nimeona ahadi za wenye ndege zikibaki chini ndege ikishapaa. Kwa hiyo Joyline, msaidizi wangu, aliporudi kutoka semina ya siku mbili Kisumu na faili la kijani mkononi, akaniambia mashirika ya ndege ya Afrika sasa yana umoja wao, nilimuuliza kama chakula kilikuwa kizuri.

"Boss, usicheke," akasema. "Mashirika kumi na nne, yote yameweka sahihi. Abiria akikwama kwa huyu, mwingine anambeba. Tiketi ni moja tu, toka mwanzo mpaka mwisho."

"Na mizigo ikipotea?"

"Anayekushusha mwisho ndiye anaitafuta."

"Kawaambie mahujaji wangu."

Mwaka 2009 mashirika mawili yalishirikiana kuwapeleka watu wangu saba Hija, mizigo ikapotelea njiani. Huyu akamwonyesha yule kidole, yule akamrudishia. Bibi mmoja alikaa siku nne Jeddah na nguo aliyovaa mwilini. Nilimwonea aibu yule bibi hadi alipofariki, Mungu amrehemu. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: kila shirika na tiketi yake.

"Wenye ndege ni kama wachuuzi wa omena, wale dagaa wa kuanikwa, kwenu Muhuru Bay," nikamwambia Joyline. "Kila mmoja anaomba mvua inyeshee omena za mwenzake."

"Hiyo ni ukweli," akasema. "Lakini boti ikikwama kwa matope, boss, wote wanashika kamba."

Ukibishana na mtoto wa mvuvi utachoka wewe. Akanitolea mkataba wa mawakala wa Umoja, nikausaini ili anipe amani, wala sikuusoma.

Mwezi wa nane akaja Mzee Obare. Mzee huyu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha sukari kule Awendo, akilala nyumba za kampuni, na kila mwaka alisema mwaka ujao atajenga kwake. Alipostaafu alirudi kwenye kijumba chake cha ujana ndani ya boma la marehemu baba yake, karibu na Asumbi. Sasa moyo ulikuwa unamsumbua, na daktari wa Kisumu alikuwa amempangia upasuaji Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Moha, omera, ndugu yangu," akaniambia, "nikifa kwa kisu ya daktari sai, nitazikwa kwa boma ya baba yangu kama kijana hajawahi kujenga. Na watoto wangu wataanzia wapi? Hapana. Ijumaa natoka, naanzisha dala yangu, boma yangu mwenyewe. Jumatatu wanipasue."

Lakini hawezi kutoka bila Sammy, kifungua mimba wake, ambaye anachimba visima Ouagadougou. Mzee alinieleza taratibu, maana anajua mimi ni mtu wa Garissa, mila za Wajaluo sizijui. Siku ya kuanzisha boma mnatoka kabla ya jua. Baba anabeba jogoo, mama anabeba moto, na kifungua mimba anabeba shoka. Nyumba inasimamishwa siku hiyohiyo na mnalala ndani yake.

Nilikuwa na wateja wengine wakinisubiri, nikataka kumrahisishia. "Si ubebe mwenyewe, Mzee? Jogoo mkono huu, shoka mkono huu. Au mdogo wake Sammy abebe."

Alinitazama kwa huruma. "Mdogo hawezi kushika shoka na mkubwa ako hai. Na mtu akibeba vitu yote peke yake, hiyo si kuanzisha dala. Hiyo ni kuhama nyumba ya kukodi."

Mzee alipoondoka, Joyline akatengeneza tiketi moja ya Umoja, kutoka Ouagadougou kupitia Lomé hadi Nairobi. Nikaifuta. Nikakata mbili, kila shirika na yake, na kati ya ndege na ndege nikaacha saa tatu. Joyline alikunja uso, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatano, saa kumi na moja jioni, simu ikalia. Alikuwa Sammy, na nyuma yake nilisikia kelele za uwanja wa ndege.

"Moha, niko Lomé. Ile ndege ya kwanza imechelewa masaa sita. Ya pili imeenda. Naambiwa tiketi zangu hazijuani, kila mtu anasema si shida yake. Ingine ni Jumamosi. Jumamosi nitabeba shoka ya nini?"

Nikamwambia asitoke pale dawatini hata kwa bunduki. Nilipogeuka, Joyline alikuwa ameshavuta droo ya meza yake.

Alifungua lile faili la kijani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina na simu za watu wa Umoja katika kila uwanja. "Afi, wa Lomé," akasema. "Ndiye alitufundisha siku ya pili." Akapiga, wakaongea Kiingereza cha haraka haraka. Afi alisema lipo shirika la tatu, mwanachama wa Umoja, ambalo ndege yake ilikuwa inaondoka jioni ileile kupitia Kigali. Alichohitaji ni fomu ya abiria aliyekwama, naye angewaomba wampokee.

Joyline akaanza kuijaza kwenye kompyuta. Jina, tarehe, uwanja. Halafu akakwama. Swali la sita lilisema: Kwa nini abiria huyu hana tiketi ya pamoja?

"Tuandike mtandao ulikuwa umeanguka," akasema polepole. "Kila mtu huandika hivyo."

"Na tukisema ukweli?"

"Wakala akikataa tiketi ya pamoja bila sababu, Umoja inaweza kumtoa kwa orodha. Iko kwa ule mkataba ulisaini."

Miaka ishirini na miwili. Nilitazama dirishani, ambapo jina langu limeandikwa kwa rangi ya kijani kuukuu, nikaogopa kweli. Kisha nikamkumbuka yule bibi wa Jeddah, na wale watu waliokuwa wakionyeshana vidole juu ya kichwa chake. Kumbe na mimi kidole ninacho, tena nilikuwa karibu kuunyooshea mtandao.

"Andika," nikasema. "Wakala aliombwa akate tiketi moja, akakataa kwa ukaidi wake. Kosa ni langu, Mohamednur. Abiria hana hatia."

Vidole vya Joyline vilikawia juu ya herufi, kisha vikaandika.

"Andika na habari ya shoka."

"Kwa fomu, boss?"

"Kwa fomu."

Akaandika yote: baba, upasuaji, jogoo, moto, shoka, Ijumaa kabla ya jua. Ikaenda. Adhana ya magharibi ikaita, nikavuka barabara kwenda msikitini, na sijawahi kusali vibaya vile. Kila nikisujudu namwona Mzee Obare amesimama na jogoo wake, anatazama barabarani.

Niliporudi, Joyline alikuwa amesimama katikati ya ofisi, simu sikioni, mkono mwingine umeshika kichwa. Afi alikuwa ameisoma fomu kwa sauti mbele ya wakubwa wa dawati. Shirika la kwanza lilikiri kuchelewa ni kwao. La pili, lile lililomwacha, liliruhusu kiti chake kihamishwe. La tatu lilikuwa na nafasi moja nyuma, karibu na choo.

"Anasema ako kazini miaka kumi na mbili," Joyline akanitafsiria, macho yanang'aa, "na hajawahi ona fomu mtu amejilaumu mwenyewe. Anauliza shoka iko wapi saa hii."

"Mwambie iko Asumbi," nikasema. "Inanolewa."

Alhamisi nilifunga ofisi, nikamchukua Mzee Obare kwa gari langu la Probox hadi uwanja mdogo wa Kabunde, Homa Bay. Ndege ndogo ya kutoka Nairobi, ambayo Joyline alimkatia Sammy usiku ule, ilichelewa, na kila dakika ilinikata maini. Baadaye tuliambiwa ilimngojea Sammy dakika kumi na mbili, maana kampuni yenye ndege hiyo nayo imo kwenye Umoja. Pale tukingoja nilishindwa kuvumilia.

"Mzee," nikasema, "ni mimi niliyemkwamisha mwanao."

"Najua. Joyline alinipigia jana."

"Na hukunipigia unitukane?"

"Ningekutukana vizuri," akasema, "lakini nilitaka kwanza umalize kazi."

Ndege ikatua na vumbi lake. Sammy alishuka wa nne, shati limekunjamana, begi moja begani. Mzee hakumkumbatia. Alimshika mkono wa kulia, akaugeuza, akakitazama kiganja kama fundi anayekagua chombo chake. "Mkono iko," akasema.

Ijumaa nilikuwa kwao kabla hakujapambazuka vizuri. Walitoka langoni mwa boma la babu yake Sammy bila maneno mengi: Mzee mbele na jogoo kwapani, Sammy na shoka begani, na Mama Truphena, mke wa Mzee, akibeba makaa kwenye kigae cha chungu, akiyakinga upepo kwa mkono. Watu watatu, kila mmoja na chake. Nilisimama kando ya njia nikalia waziwazi, na watu wa huko ni waungwana, walijifanya hawanioni.

Jioni nyumba ilikuwa imesimama, mabati juu, udongo bado mbichi ukutani. Mzee aliingia, akakaa ndani kidogo, akatoka tena mlangoni.

"Sasa wakinipasua Jumatatu," akatangaza, "wanapasua mtu ako na kwake!"

Jumatatu sikuuza tiketi hata moja. Barua ya Umoja ilifika asubuhi ile: onyo moja kali, na ombi kwamba nisimame mbele ya semina ijayo niisome ile fomu. Joyline aliibandika barua hiyo ukutani, pale nitakapoiona kila siku. Nilimwambia anifundishe tiketi ya pamoja tangu mwanzo, naye akanifundisha, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye simu.

Ililia Jumanne, saa nne asubuhi. Sammy.

"Moha, ameamka."

"Alhamdulillahi! Amesema nini?"

"Anauliza nani amempa jogoo maji."