Wa Mwisho Kuvuka

Saa mbili asubuhi amri ya kurudi nyuma ilifika chumba cha mipango, na Mzee Rula akaagiza chai.

Alikuwa mkuu wa mipango tangu zamani. Majenerali walikuja, wakapigiwa saluti, wakastaafu; yeye akabaki na ramani zake. Jina la Rula alibandikwa akiwa luteni, kwa kuwa hakuamini umbali ambao hajaupima mwenyewe. Bunduki hakuwa ameishika kwa miaka. Vita vyake vilikuwa vya mezani: vipande vya mbao, kila kimoja kombania moja, akivisogeza kwa ncha ya rula.

"Tunaanza na nani, afande?" aliuliza meja, msaidizi wake.

"Walio mbali zaidi na mto. Walinzi wa daraja wanavuka mwisho, kisha wanalilipua."

Alisema bila kufikiri. Kanuni hiyo aliifundisha yeye, na maofisa wote mle chumbani waliijua kwa moyo. Rula ilipofika kwenye kipande cha daraja, ilisimama.

Vita vilipoanza, dada yake alikuja nyumbani, akakataa hata maji. "Kaka, sikuombi umtoe mwanangu jeshini," alisema. "Muweke tu mahali ambapo na wewe utapata usingizi." Wakati ule jeshi lilikuwa linasonga mbele, na daraja lilikuwa nyuma kabisa. Akampeleka mpwa wake huko, ajifunze kutega baruti. Baada ya wiki kijana alimpigia simu akicheka: "Mjomba, huku tunalinda samaki." Yeye aliyefundisha nusu ya jeshi namna ya kurudi nyuma hakukumbuka kwamba jeshi likigeuka, wa nyuma kabisa ndiye anayebaki uso kwa uso na adui.

Meja alijua habari ya kijana. Alifunga mlango.

"Tunaweza kuwabadilisha, afande. Kombania ya tatu ishike daraja."

"Ya tatu inajua kutega baruti?"

"Hapana."

"Itajifunza lini?"

Meja alitazama saa ya ukutani.

"Basi umeshajibu," alisema Mzee Rula, akaipeleka ramani kwa jenerali. Jenerali alitia saini akiwa amesimama.

Mchana dada yake alipiga simu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba jeshi linajipanga upya.

"Kujipanga upya ndiyo kukimbia, siyo? Usinizungushe, mimi siyo mwandishi wa habari."

"Ndiyo."

"Afadhali. Wetu yuko pale pale mtoni, atavuka wa kwanza. Ulinisikiliza, kaka. Sitasahau."

Angeweza kumwacha na imani hiyo mpaka jioni.

"Wa darajani wanavuka mwisho," alisema.

Upande wa pili wa simu maji yalikuwa yakitiririka bombani. Bomba likafungwa.

"Nani kapanga hivyo?"

"Mimi."

"Basi panga tena." Ni sauti ile ile aliyomwambia nayo utotoni arudie kufagia uwanja.

"Haipangiki, dada."

Simu ikakatika. Akairudisha mahali pake, akainywa chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Alasiri kombania zilivuka kwa mpangilio alioutoa. Kila redio ilipotoa taarifa, meja alihamisha kipande kimoja ng'ambo ya mto. Saa kumi na moja magari ya adui yalionekana kilimani, mapema kuliko alivyokadiria. Kombania ya tatu ilimaliza kuvuka. Upande wa adui kilibaki kipande kimoja, cha daraja.

Redio ya darajani ilisema waya wa baruti umekatwa na risasi, na mtu mmoja anarudi kuuunganisha.

Meja aligeuka. "Niulize ni nani, afande?"

"Usiwasumbue. Wako kazini."

Wakasubiri. Redio ya darajani haikuita tena. Saa kumi na moja na nusu, mwangalizi wa ng'ambo alithibitisha kuwa daraja limeanguka mtoni. Kipande cha mwisho kilikuwa bado upande wa adui.